Sanduku la dawa na dakika kumi za kwanza uwanjani

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo cha ualimu mkoani Tanga. Nina wanachuo 46 wa mpira wa miguu, netiboli, wavu na riadha, na baada ya wiki sita tunakwenda kwenye mashindano Mbeya. Uongozi umetoa fedha kidogo ninunue sanduku la huduma ya kwanza. Je, linatosha? Na ni kweli kwamba mwanachuo aliyepimwa akaonekana ana AS, yaani amebeba jeni moja ya sikoseli, hatakiwi kukimbia?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Sanduku nunua, ila nunua dogo. Plasta, spiriti, pamba na kopo la dawa ya kupuliza hutibu majeraha ambayo yangepona hata bila wewe. Wanamichezo vijana wanaofia uwanjani hufa kwa mambo machache yanayojulikana: moyo kusimama ghafla, kiharusi cha joto, seli za misuli kupasuka kwa mwenye AS aliyekimbizwa kupita kiasi, na kuumia kichwa. Matatu ya mwanzo huamuliwa kabla gari la wagonjwa halijafika. La nne huamuliwa na jambo moja, kumtoa mchezaji au kumwacha aendelee. Hakuna hata moja ambalo dawa yake imo sandukuni.

Tuanze na moyo. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, au baada ya kupigwa na mpira kifuani, ukamwita haitiki, chukulia moyo umesimama mpaka ithibitike vingine. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa aliyesimama moyo anaweza kutupa mikono na miguu kwa sekunde kadhaa, akakoroma au kuvuta pumzi mojamoja za nguvu kama samaki aliyetolewa majini. Walio pembeni husema ni kifafa, au husema bado anapumua, wakasubiri. Pumzi za namna hiyo hazihesabiki. Kosa jingine ni imani ya kumeza ulimi. Wachezaji wamerithishana kwamba aliyezimia humeza ulimi, kwa hiyo wa kwanza kufika humtia vidole mdomoni. Ulimi haumezwi. Vidole huumwa na dakika hupita. Piga marufuku vidole, vijiko, vitunguu puani na maji ya kumwagia usoni, na lile duara la watu kumi wanaopepea kwa jezi.

Kinachotakiwa ni kifua kukandamizwa. Mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua juu ya mfupa wa kidari, cha pili juu yake, viwiko vikiwa vimenyooka. Kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kipande chote kabla ya kushuka tena. Aliyefundishwa kupuliza pumzi afanye mikandamizo 30 kwa pumzi 2; asiyefundishwa akandamize tu bila kukoma. Kila dakika 2 mpokezane, maana aliyechoka huanza kukandamiza juujuu bila mwenyewe kujua. Endeleeni mpaka aamke au wahudumu wawapokee.

Mikandamizo hununua muda. Mara nyingi kinachowasha moyo upya ni mashine ya kushtua moyo, ile ndogo inayotoa maelekezo kwa sauti. Bila mikandamizo wala mshtuko, nafasi ya kupona hushuka kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alikandamizwa na kushtuliwa palepale kwenye nyasi, na miezi minane baadaye alikuwa anacheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mashine hii huenda haimo katika bajeti yako, nami sitakudanganya kwamba kuna kitu cha kuiziba nafasi yake. Lakini unaweza kuwaandikia waandaaji wa Mbeya leo na kuuliza mambo matatu: ipo uwanjani au haipo, inakaa wapi, na nani ana ufunguo. Ikiwa ipo, pedi moja hubandikwa chini ya mtulinga wa kulia na nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, juu ya ngozi iliyofutwa jasho. Fulana ichanwe. Kwa wasichana pia sidiria iondolewe au isogezwe, na asiwepo wa kuona haya.

Kabla ya yote hayo, wiki hii hii, muuguzi wa chuo amwite kila mwanachuo peke yake na kumuuliza: Umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa unakimbia, na si baada ya kumaliza? Kifua kimewahi kuuma au kubana ukiwa mazoezini? Unachoka au kuhema kuliko wenzako bila sababu? Moyo huruka mapigo? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, hata kama nyumbani walisema ni maji au uchawi? Umewahi kuambiwa moyo una sauti, au ukachomwa sindano za kila mwezi utotoni? Hilo la mwisho ni letu zaidi kuliko la Ulaya, kwa sababu vijana wengi huku wanaishi na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama maumivu ya koo. Jibu moja la ndiyo linatosha kumsimamisha mpaka daktari amsikilize moyo. Akipimwa kipimo cha umeme wa moyo, kisomwe na mtu anayewafahamu wanamichezo, kwa sababu baadhi ya maumbo ya mawimbi ambayo ni ya kawaida kwa wanamichezo weusi yanafanana na ya ugonjwa. Vijana wamewahi kukatazwa michezo bure kwa sababu hiyo.

Sasa joto. Wewe uko pwani, na hatari ya pwani si jua peke yake. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ya Tanga ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka tu bila kufanya kazi yake. Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani ya mwili linapopita nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuyumba. Dalili ya kuitegemea ni tabia kubadilika. Mchezaji anapepesuka, anakimbilia goli lisilo lake, anakuwa mkali ghafla, anajibu maneno yasiyohusiana. Usingoje ngozi ikauke. Vitabu vya zamani vilisema hivyo, ilhali mwanamichezo anaweza kuzidiwa akiwa ameloa chepechepe. Usitegemee pia kipimajoto cha paji la uso au cha kwapani, kwani baada ya mazoezi huonyesha joto la chini kuliko lililo ndani. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, naye muuguzi ndiye wa kukifanya, huku mgonjwa amefunikwa. Kama hakiwezekani, kuchanganyikiwa kwake kunatosha: anza kumpoza.

Kumpoza huja kwanza, safari ya hospitali baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu linapingana na silika ya kila mtu, silika ya kumpakia kwenye gari. Mwaka 2018 Jordan McNair, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, alizidiwa na joto mazoezini Mei 29 na kufariki Juni 13. Uchunguzi huru uligundua kwamba hakupimwa joto la ndani wala hakutumbukizwa kwenye maji ya baridi. Chuo kile hakikukosa fedha. Kwa upande wa pili kuna mbio za Falmouth, Marekani hiyohiyo, zinazofanyika Agosti: katika kumbukumbu za miaka 18, wakimbiaji zaidi ya 270 walipata kiharusi cha joto, wakatiwa kwenye mapipa ya maji na barafu palepale mwisho wa mbio, na wote walipona.

Vifaa vyake unavimudu. Tafuta turubai imara ya mita 2 kwa 3, ndoo saba za lita 20 zilizojaa maji, na barafu. Zile barafu za mifukoni zinazouzwa madukani zinafaa. Kubaliana mapema na muuzaji, au na wauza samaki, akuwekee siku za mechi, uzihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko iliyozungushiwa blanketi. Akizidiwa, mvue jezi, soksi na viatu, mlaze katikati ya turubai, watu sita wanyanyue kingo liwe kama mtumbwi, mmoja ashike kichwa na mabega yasizame, kisha mimina maji na barafu na kuyakoroga bila kusimama. Maji yaliyotulia hutengeneza ganda la uvuguvugu kuzunguka ngozi. Kwa maji ya barafu, joto hushuka kama nyuzi 1 kila dakika 5. Acha linapofika nyuzi 39. Bila kipimajoto, mpoze dakika 15 hivi, na ukiona ametetemeka na anajibu sawasawa, mtoe, umpeleke hospitali. Barafu ikikosekana, maji ya bomba pia yanapoza, polepole zaidi, kwa hiyo ongeza muda na umpepee. Kitambaa kibichi cha kwenye paji la uso kinamfurahisha mama mlezi tu.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto, na aliyerudi likizo au aliyetoka kuugua malaria huanza upya. Siku tano za mwanzo fanya zoezi moja kwa siku, fupi. Pangeni mazoezi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10:30 jioni. Wapime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopotea hurudishwa kwa takriban lita moja na nusu, kidogo kidogo. Anayeongezeka uzito mazoezini anakunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wafanye mazoezi mazito baada ya futari, au mepesi karibu na magharibi. Na wakataze diklofenaki kabla ya mechi. Najua humezwa kama karanga. Ikikutana na jua na upungufu wa maji, figo ndizo hulipa.

Nije kwenye AS. Mwenye AS ana jeni moja tu ya sikoseli, si mgonjwa wa sikoseli, na kwa maisha ya kawaida ni mzima. Hata malaria kali humwogopa kidogo. Anaruhusiwa kukimbia, na kumfukuza timuni ni dhuluma. Kinachomwua ni namna fulani ya mazoezi. Anapokimbia kwa nguvu zote mfululizo bila kupumzika, huku hana maji ya kutosha, oksijeni hupungua misulini, baadhi ya chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, seli za misuli hupasuka na kumwaga potasiamu kwenye damu, na potasiamu hiyo inaweza kusimamisha moyo. Ndivyo alivyokufa Dale Lloyd wa pili, mwanachuo mpya wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Septemba 2006, baada ya mbio 16 za yadi 100. Kuanzia 2010, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliagiza vyuo vya daraja la kwanza vijue hali ya kila mchezaji. Hakikuagiza mtu aondolewe.

Jifunze kuitofautisha na misuli kukaza. Aliyekazwa na msuli hupiga kelele, anaushika, na ukiugusa ni mgumu kama jiwe. Mwenye AS aliyepatwa huishiwa nguvu kuliko kuumwa: miguu inalegea, anakaa chini taratibu, anazungumza na wewe, msuli ukiugusa ni laini, na mara nyingi ni dakika za mwanzo za zoezi, mwili haujapata hata moto. Makocha humwona mvivu. Wakimwamrisha ainuke amalizie, wanamwua. Msimamishe, mpe oksijeni kama ipo, mpeleke hospitali haraka, na umwambie daktari maneno haya: ana AS, ameishiwa nguvu akikimbia, mpimeni potasiamu na figo.

Mwenye AS ajiwekee kasi mwenyewe. Pumziko kati ya mbio na mbio liwe refu, kipimo cha kukimbia huku muda ukihesabiwa kisifanywe siku ya kwanza, naye asikimbie akiwa na homa au anaharisha. Halafu kuna Mbeya. Ninyi mnatoka usawa wa bahari kwenda kwenye takriban mita 1,700, na tahadhari hutakiwa hata kwa mpando wa mita 600. Mkiweza, fikeni siku tatu au nne kabla, na siku mbili za mwanzo ziwe za kutembea na kuchezea mpira tu. Ambaye hajui hali yake apimwe hospitali kwa kipimo cha aina ya himoglobini. Majibu ni siri yake, yako na ya muuguzi. Usiyabandike ubaoni, maana AS husumbua watu kwenye mambo ya uchumba kuliko uwanjani.

Kichwa nitakisema kwa ufupi, kwa kuwa kanuni ni moja: aliyetikiswa ubongo harudi siku hiyo, hata akisema yuko fiti, hata ikiwa fainali. Si lazima awe alizimia. Muulize: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani kafunga bao la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akikosea moja, au akiwa na kichwa kizito, kizunguzungu, macho yasiyotulia, anatoka. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, mboni zikitofautiana, mkono au mguu ukilegea, usingizi usioamshika, au shingo kuuma, ni hospitali. Na mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu kama gunia. Saa 48 za mwanzo apumzike kiasi, asikae na simu, atembee polepole akiweza. Darasani arudi kwanza, kisha mazoezi kwa hatua: baiskeli au kutembea haraka, mazoezi ya mchezo wake, mazoezi yasiyo na kugongana, mazoezi kamili baada ya ruhusa ya daktari, kisha mechi. Kila hatua angalau siku moja, na dalili zikirudi anarudi hatua ya nyuma. Kupiga mpira kwa kichwa kuwe kwa mwisho kabisa.

Yaliyobaki ni madogo kwa maneno, si kwa madhara. Magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe ardhini au yawekewe mifuko ya mchanga nyuma; yamewahi kuangukia na kuua vijana waliojining'iniza. Radi ikisikika, wote ndani ya jengo au basi, si chini ya mwembe wala hema, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Pasha misuli kwa utaratibu wa FIFA 11+, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki; ni wa bure na hupunguza majeraha ya magoti na vifundo kuliko kifaa chochote utakachonunua. Timu ya netiboli izingatie kutua kwa miguu miwili na magoti yaliyokunjwa. Msichana ambaye hedhi imekata miezi mitatu bila mimba, huyo anakula kidogo kuliko anavyokimbia, na mifupa yake iko njiani kupata nyufa. Suala lake ni jikoni na hospitali, si mazoezi zaidi. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, iwe mfukoni mwa mtu aliye kando ya uwanja na si ndani ya begi kwenye basi. Mbeya mlale kwenye vyandarua, wasichana na mlezi wa kike, na pasiwe na mwalimu au kocha wa jinsi yoyote anayemchua au kumwita mchezaji chumbani peke yake.

Fedha basi. Kwa nilivyoielewa bajeti yako, ningezigawa hivi: kwanza siku moja ya mafunzo ya kukandamiza kifua kwa watu wanane, manahodha wote wakiwemo, maana ndio watakaokuwa karibu na aliyeanguka, kisha turubai, ndoo na barafu, kisha kipimajoto, mizani ya bafuni, glavu, bendeji za kunyoosha na pakiti za chumvichumvi, sanduku lenyewe liwe la mwisho. Mafuta ya gari yatengwe pembeni, yasiguswe.

Halafu fanyeni zoezi la dharura, na umbali mpime kwa saa. Mmoja ajifanye ameanguka katikati ya uwanja. Nani anakandamiza, nani anapiga simu, nani anakimbilia turubai, nani anakwenda kufungua geti na kumwelekeza dereva? Utashangaa: kufuli la geti halina mwenye ufunguo, dereva yuko sokoni, namba ya hospitali imo kwenye simu iliyozima. Rudieni mpaka mikandamizo ianze chini ya dakika moja. Mkifika Mbeya, fanyeni upya siku ya kwanza kwa uwanja wa pale.

Na kabla hamjaondoka, mwombe mkuu wa chuo barua fupi yenye mhuri. Mwaka 2016 vyuo vya ligi kubwa za Marekani viliandika kanuni kwamba kocha hana kauli juu ya nani yuko tayari kucheza, kauli ni ya mtabibu, na sababu ilikuwa wazi: kocha anataka kushinda. Yako iseme hivi: "Muuguzi wa msafara ndiye mwenye uamuzi wa mwisho wa kumtoa mchezaji na wa kumrudisha. Uamuzi huo haupingwi na kocha, mwalimu wala kiongozi yeyote wa msafara, mimi mwenyewe nikiwemo. Mchezaji anayeeleza dalili zake hataondolewa timuni kwa kuzieleza." Isomwe mbele ya wote 46 siku ya kuondoka, nakala akae nayo muuguzi.